Kwa Nini Kuku Huoga Jivu

"Jikoni humu wanalala watu," Kalinga alisema. "Watu na mbuzi."

"Kwa hiyo mbuzi ni mtu," mkewe Sekela alijibu.

"Mbuzi ni mwenyeji. Huyo wako alale nje."

"Akilala nje, na mimi nalala naye."

"Haya, lala. Asubuhi tutakuja kuwabandua ukutani wote wawili."

Mama yake Kalinga, aliyekuwa akichambua maharage kando ya moto, alijifanya hasikii. Maharage yenyewe alikuwa ameshayachambua mara mbili.

Waliyekuwa wakimgombea ni kuku. Enzi hizo milima yetu haikuwa na kuku hata mmoja. Kuku wote waliishi bondeni, kando ya ziwa, kwenye joto, na walikuwa wakioga maji kama bata. Kila asubuhi walishuka ufukweni mmoja nyuma ya mwingine, wakajitosa, kisha wakapanda juu ya ua kujianika juani. Kuku aliyekwepa kuoga alisimangwa na bata mpaka jioni.

Sekela alikuwa mzaliwa wa huko, binti wa wafinyanzi. Siku alipoolewa milimani, mama yake alimpa kuku mwekundu, akamvuta pembeni. "Mwanangu, huko unakokwenda baridi inang'ata kuliko siafu. Baada ya mavuno nitapandisha vyungu vyangu kuviuza. Nikimkuta kuku huyu yu hai, nitajua umeolewa na watu wanaojua kutunza. Nikimkuta amekufa, funga mzigo wako turudi." Sekela aliona haya kumweleza mumewe kwamba ndoa yao ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili ya kuku. Naye alimpenda Kalinga, hata alipokuwa anaongea upuuzi.

Basi kuku akawekewa tenga nyuma ya nyumba, na mwezi wa Juni ukaingia. Nyasi ziliamka nyeupe, maji ya mtungini yakashika ngozi ngumu, na kuku akaanza kukunjamana. Hakula. Matope yalimganda miguuni, naye alikuwa akimtazama Sekela kama mtu aliyedanganywa safari.

Mama mkwe alimkagua, akatikisa kichwa. Katika milima hiyo mgeni hasogei motoni kabla hajaoshwa miguu kwa maji ya moto. Hata adui akija, huoshwa kwanza, ndipo huulizwa kilichomleta.

"Mkwe wangu, huyu hajapokelewa," alisema. "Mumeo anasema si mwenyeji. Sawa, basi ni mgeni, na wiki tatu hizi hakuna aliyemwosha miguu. Mimi pia ningesusa kula."

Wakachemsha maji chungu kizima. Sekela, kwa kuwa alikuwa mtoto wa ziwani, hakuona faida ya kuosha miguu peke yake. Wakamwosha kuku mwili mzima, mgongo, kwapa na nyuma ya masikio, ingawa masikio yenyewe waliyatafuta sana. Walipomaliza, Sekela alimpandisha juu ya ua akauke, kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Jua halikuwepo. Kulikuwa na ukungu tu, na upepo.

Kalinga aliporudi kutoka shambani alimkuta kuku juu ya ua, amekakamaa kama fagio lililosahaulika nje. Manyoya yalikuwa yamegandiana, na alipojaribu kujigeuza yalilia kwacha kwacha kama maganda ya mahindi. Chini ya ua Sekela alikuwa analia. Hapo ndipo alipomwambia mumewe yote aliyoyasema mama yake.

"Umeniacha nigombane na kuku wiki tatu," Kalinga alisema, "kumbe nagombana na mama mkwe." Akamshusha yule kuku, akamtia ndani ya mgolole wake, tumboni penyewe, akatoa sauti ambayo mama yake hakuwahi kuisikia tena tangu siku alipomzaa.

Akaingia naye jikoni, akawapita mbuzi, akamweka kando ya mafiga. Barafu ikayeyuka, na hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa kuku alikuwa amelowa chapa na anatetemeka mpaka mdomo unagongana. Akafumbua jicho moja. Akaona lundo la jivu la moto wa asubuhi, bado lina uvuguvugu. Akajikokota hadi hapo, akachimba shimo, akajilaza humo, akaanza kujimwagia jivu kwa mbawa zote mbili.

"Anajizika," Sekela alisema, machozi yakimtoka upya.

"Mwache," mama mkwe alisema. "Ametupunguzia kazi."

Jivu liliruka likaingia kwenye maharage, likajaa nyusi za Kalinga, mbuzi wakapiga chafya mmoja baada ya mwingine. Kisha kuku akasimama, akajikung'uta. Manyoya yalikuwa makavu, yamefura kama mto mpya, na chawa aliopanda nao mlimani walibaki chini wamekufa. Akauangalia mtungi wa maji kama unavyomwangalia mtu aliyekutukana msibani.

Na tangu siku hiyo kuku haogi maji. Vifaranga wake waliiga kwa mama yao, na waliopelekwa bondeni wakawafundisha wengine, wao wakitumia vumbi. Bata hawakufundishika. Ndiyo maana nasi wa milimani, Juni ikikaribia, tunaweka jivu kavu kwenye kona ya jiko na kubadilisha nyasi za kulalia zisishike unyevu, na kuku akipata matope tunayaacha yakauke yapukutike yenyewe.

Mama yake Sekela alifika baada ya mavuno, vyungu kichwani, vidole vimekufa ganzi, midomo imepasuka. Alisimama mlangoni. Kuku alikuwa amelala kwenye jivu, mahali pazuri kuliko pote pale motoni, na Kalinga alikuwa amejibana nyuma yake pamoja na mbuzi. Yule mama alimtazama kuku, akamtazama mkwewe, kisha kabla hajasalimiwa akasema, "Mwambieni kuku asogee kidogo."