Kipanga Asiyevuliwa Kofia

Ndugu zangu, nisikilizeni, na wewe wa pale nyuma, simu mfukoni please, leo nakusema wewe pia.

Kulikuwa na mfuga kipanga mmoja ambaye hakuwa na kipanga. Enzi za baba yake, kipanga alirushwa juu ya shamba la mtama, na kwelea kwelea, vile vindege vinavyokuja kama wingu na kuondoka na chakula cha mwaka, vikiona kivuli chake tu vinageuza. Yule kipanga akafa. Anga likabaki tupu. Nyumba nzima ikafunga na kuomba: Bwana, tupe kipanga.

Akapatikana. Jike, bado kijana, kifua cha madoadoa, jicho kali kama la mkaguzi. Acha sherehe! Mama akapika pilau, bibi akapiga vigelegele mpaka meno ya bandia yakamtoka, majirani wakapanga foleni ya selfi. Mgeni akawekwa sebuleni, kwenye kigogo kilichopigwa vanishi, kando ya televisheni.

Sasa, kipanga huvishwa kofia ndogo ya ngozi inayomfunika macho, atulie. Siku ya kuwinda anavuliwa, anarushwa. Kofia ile imeshonwa ili ivuliwe.

Binti wa nyumba akauliza, "Baba, tunamrusha lini?"

"Huyu? Hana ekspiriensi. Tumemwomba Mungu miaka yote hii, halafu apotee siku moja? Atarushwa akishajua kuwinda."

"Atajulia wapi, baba? Hapo kando ya TV?"

"Umeanza kiburi chako cha chuo."

Seriously, jamani. Nani kati yenu alijifunza kutembea akiwa amekaa? Basi kipanga akalishwa nyama laini mdomoni, akanenepa, bibi akasema anapendeza.

Mtama ukaiva. Kwelea kwelea wakaja. Familia ikatoka mbio na madebe, inagonga, inapiga kelele, ndege wanakula tu. Mama akamgeukia mumewe: "We mwanamume, si una kipanga wewe? Mrushe!"

Akakimbia kumleta. Akamvua kofia, akamrusha. Kipanga akapepesa macho, jua lilikuwa geni kwake. Akapiga mabawa kidogo, akaanguka kwenye matuta, puu, kama furushi la nguo. Kwelea kwelea hawakugeuza hata shingo.

Mnadhani yule baba aliomba msamaha? Alimwokota, akampangusa vumbi, akamvisha kofia tena. "Niliwaambia. Hana kitu huyu." Kisha akapiga magoti katikati ya mabua matupu: "Bwana, tuletee kipanga mwingine. Safari hii mwenye uzoefu."

Mnacheka. Chekeni polepole.

Mtu huyo ni sisi. Sisi tuliofunga na kuomba mtoto ahitimu, tukakodi maturubai, tukatundika picha yake ya joho kando ya televisheni. Halafu akaja ofisini kwetu, dukani kwetu, kwenye kamati yetu ya kanisa ambayo wajumbe wake ni walewale tangu paa hili lilipokuwa la makuti, tukamwambia: lete uzoefu wa miaka mitatu. Kisha tunamuuliza Mungu mbona hajibu. Amejibu! Jibu limekaa sebuleni kwako, limefunikwa macho, linakula ugali wako, na wewe unaliita vivu.

Na sikilizeni vizuri. Yule kipanga mabawa alikuwa nayo. Alichokosa ni kuanguka mapema, mtama ukiwa bado mbichi, na mtu wa kumwokota bila matusi na kumrusha tena.

Mtama wetu haujaiva. Kwa hiyo leo sitaki Amina yenu. Mwenye duka, mwenye gereji, mwenyekiti wa kamati: ukitoka mlangoni hapo utamkuta kijana amesimama. Usimwambie utamwombea. Nyoosha mkono, mvue kofia.