Shimo la Fisi Juu ya Chemchemi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, baraza lao na sheria zao, palikuwa na bonde lililoitwa Chamwela. Nyie wa huko nyuma, acheni kusukumana. Hadithi hii ina kicheko kidogo na msiba mkubwa, na mimi sipendi kuirudia.

Chamwela ilikuwa na chemchemi mbili. Moja ilizungushiwa uzio wa miiba, na waliokunywa pale ni wakubwa: Simba mwenye enzi, Kiboko, Nyati na Fisi. Ya pili ilikuwa chini ya kilima, nayo ilikuwa ya wadogo. Digidigi alikunywa hapo, Kanga alikunywa hapo, na Bibi Pimbi, mjane mwenye watoto wawili, Mwaja na Kitete, alikunywa hapo.

Na sheria ilikuwepo. Hachimbi mtu kisima, choo wala shimo la taka mpaka Mzee Muhanga aikague ardhi. Muhanga mnamjua? Yule mwenye pua ndefu na masikio marefu, anayechimba usiku kucha. Ukaguzi alifundishwa na babu yake tangu utotoni, akatahiniwa na wazee, ndipo akapakwa udongo mwekundu kwenye paji la uso. Huo udongo ndio uliokuwa leseni yake. Siku alipopakwa aliapa mbele ya watu wote: "Nikisema mahali ni pasafi, maji ya pale nitayanywa kwanza mimi na wanangu."

Na alikuwa akiyanywa kweli! Yeye na wanawe walipiga magoti, wakanywa, watu wakiwatazama. Wao wakishasimama salama ndipo wengine waliposogeza vibuyu vyao.

Siku moja Fisi akaenda kwake.

"Hodi, Mzee Muhanga!"

"Karibu, Bwana Fisi."

"Nimefungua kiwanda cha ngozi. Nataka shimo la kumwagia maji machafu, pale juu ya kilima. Njoo uniambie ni pasafi, nianze kazi."

Muhanga akapanda kilima. Akachimba kidogo, chaku! chaku! Akanusa, nff, nff. Akauonja udongo, akatema, ptu!

"Hapa hapana," akasema. "Hapa ni mchanga mtupu mpaka chini. Utakachomwaga huku juu kitatokea kwenye chemchemi ya wadogo. Nenda ukachimbe kule bondeni kwenye udongo wa mfinyanzi, ule haupitishi kitu."

"Kule ni mbali! Nani atabeba uchafu mpaka kule?"

"Wewe. Si uchafu wako?"

Fisi akacheka, akamsogelea. "Mzee wangu, nitakuletea mnofu kila wiki."

"Mimi nakula mchwa, Bwana Fisi."

Basi Fisi akaondoka amenuna. Baada ya siku chache kila mheshimiwa wa baraza alikuwa amekalia kiti kipya cha ngozi, laini, kinang'aa. Ngozi za nani? Msiniulize.

Baraza likaitwa. Fisi akasimama katikati.

"Waheshimiwa! Kwa nini mmoja tu mwenye matope usoni ndiye atuambie tuchimbe wapi? Sisi hatuna pua? Hatuna kucha? Vijana wetu wanakosa kazi kwa sababu ya leseni ya Muhanga! Mimi nasema, kila mwenye kucha na akague ardhi!"

"Naam! Naam!" akaunga mkono Kiboko, akijitikisa kwenye kiti chake.

Bibi Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Mheshimiwa Simba, naomba kuuliza. Na lile la mkaguzi kunywa kwanza, je?"

"Lifutwe nalo!" Fisi akadakia. "Huo ni ushamba."

"Mimi nina watoto pale chini," akasema Pimbi. "Huyo mwenye kucha akikosea, watakaokunywa ni wao."

Simba akapiga mwayo. "Bibi Pimbi, kumbe unaogopa shimo? Hebu shuka hapo, utaanguka."

Kwa! kwa! kwa! Baraza zima likacheka. Nyati alicheka mpaka machozi. Pimbi akashuka kwenye jiwe, na sheria ikapita. Kisha wakamwita Mzee Muhanga mbele, wakamwosha udongo wake kwa kibuyu cha maji. Alisimama pale, maji mekundu yakimchuruzika puani. Niliwaambia kicheko ni kidogo.

Kesho yake Fisi akampandisha kilimani mpwa wake Bweha, kijana asiyewahi kuchimba hata shimo la kufukia mfupa.

"Mjomba, sasa nifanyeje?"

"Unanusa, halafu unasema safi."

Bweha akanusa mara moja, vumbi likamwingia puani, akapiga chafya, chyaa! "Safi!" akasema.

Shimo likachimbwa. Kila siku wafanyakazi wa Fisi walimwaga humo maji ya chokaa, mafuta yaliyooza na vipande vya ngozi, chubwi! chubwi! Mvua zikaja, shimo likajaa, kisha likapungua lenyewe. Fisi akafurahi kwamba linajikausha.

Lilikuwa linakwenda wapi? Mnajua. Kule chini maji yakaanza kufanya povu pembeni. Yakawa na harufu kidogo. Kanga akaatamia mayai yake yote, halikuanguliwa hata moja. Watu wakanong'ona, lakini kiu ni kiu, wakaendelea kunywa.

Kitete, yule mdogo wa Pimbi, alikuwa mtoto wa kutumbukiza uso mzima kwenye maji, akatoka anacheka na masikio yanadondoka matone. Asubuhi moja hakucheka.

"Mama, tumbo."

"Pole, mwanangu. Kunywa maji kidogo utapata nafuu."

Akampa maji. Yale yale. Akamnywesha kwa mkono wake mwenyewe, kidogo kidogo, akimfuta mdomo. Hapa ndipo ninapoichukia hadithi hii. Kabla ya adhuhuri Kitete alikuwa amekufa, na mama yake akamfukia chini ya mawe.

Alipogeuka, akamwona Mwaja ameshika tumbo.

Pimbi alikimbia mpaka kwa Fisi, hata hakupiga hodi. "Mwanangu amekufa kwa shimo lako! Lifunge, nimebaki na mmoja!"

"Pole sana, Bibi. Kazi ya Mungu. Lakini nani kasema ni shimo langu? Bweha!"

"Safi!" akaitikia Bweha kutoka ndani.

"Umesikia mkaguzi. Maji yamekaguliwa kisheria."

Pimbi akaenda kwa Simba, akaambiwa maneno hayo hayo. Akarudi nyumbani, akamlambisha Mwaja umande wa majani, akakaa chini akafikiri. Akajisemea: "Shimo hili halifungwi mpaka Simba aseme. Na Simba hasemi mpaka tumbo lake limwambie."

Akapiga moyo konde. Akasokota majani makavu, akayajaza chini ya nguo yake, mbele na nyuma, mpaka akawa mnene, mviringo. Akajipaka mafuta, manyoya yakang'aa. Kisha akasimama kwenye njia wanayopita wakubwa, macho yamemvimba kwa kulia, akaanza kuimba:

"Maji ya shimo, maji ya nguvu,
jana mifupa, leo mashavu!"

Kiboko akapita, akasimama. "Ala! Bibi Pimbi! Umenona hivi, unakula nini?"

"Sili kitu, Mheshimiwa. Nakunywa tu."

"Unakunywa nini?"

Pimbi akatazama huku na huku. "Mimi siku hizi ni mkaguzi, kucha si ninazo? Nimeikagua ardhi yetu. Zile ngozi za Bwana Fisi zimeacha nguvu ya wenyewe shimoni. Nguvu ya nyumbu! Nguvu ya pundamilia! Yote imeshuka kwenye chemchemi yetu. Mwakani sisi wadogo ndio tutakaokalia vile viti vyenu. Lakini nakuomba usiseme, maji yale ni ya wadogo tu."

Kiboko hakuaga. Alikwenda mbio kwa Simba, pu! pu! pu!

"Ebo!" akanguruma Simba. "Pimbi anywe nguvu, mimi ninywe maji matupu? Thubutu! Twendeni!"

Wakateremka wote, vumbi linatimka. Pimbi akawakuta njiani, akajitupa chini. "Waheshimiwa, tuhurumieni! Msitunyang'anye!"

"Pisha!" akasema Nyati, akamruka.

Fisi alisikia kelele, akaja mbio na Bweha nyuma yake. Akamkuta Simba ameshainama kwenye maji. Mdomo wa Fisi ukafunguka, ukafumba. Akisema maji ni machafu, amejishitaki. Akinyamaza, Simba anakunywa. Akanyamaza.

"Bweha, wewe ndiye mkaguzi," akasema Simba. "Maji haya vipi?"

Bweha akamtazama mjomba wake. "Sa... safi, Mheshimiwa."

Basi Simba akayabugia, gugu! gugu! gugu! Kiboko akaingia mzima mzima akanywa amezama. Nyati akafuata.

"Mbona yana ukakasi?" akauliza Nyati.

"Ndiyo nguvu hiyo," akajibu Pimbi.

Simba akainua kichwa, ndevu zinadondoka povu. "Fisi, njoo unywe na wewe."

"Ahsante, Mheshimiwa. Nimeshiba."

Fisi ameshiba? Fisi anayetafuna kwato? Fisi aliyekula kamba ya kisima na ndoo ya ngozi juu yake? Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Umesemaje?"

"Yaani... nina mafua, Mheshimiwa."

Bweha alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume.

Hapo Bibi Pimbi akaingiza mkono chini ya nguo yake. Akatoa majani makavu, akayatupa majini. Akatoa mengine, akatupa. Akaendelea mpaka akabaki vile alivyokuwa, mdogo na mkavu.

"Huyo hanywi kwa sababu anajua alichomwaga," akasema. "Mwanangu Kitete hakujua."

Tumbo la Simba likalia, ngurungurungu! "Na wewe ulijua? Ukaniacha ninywe?"

"Nilikuambia barazani, nimesimama juu ya jiwe. Ukanicheka."

Simba akanyanyua mkono amrarue, lakini magoti yakamwishia nguvu, puu, akaanguka. Pale pale chini alipolala alimkamata Fisi shingoni. "Kunywa! Mpaka nikuambie basi!" Fisi akanywa, analia, anakunywa. Na Simba akazidiwa, hakuwa na nguvu ya kusema basi.

Nyati hakuiona kesho. Fisi naye alikufa pale pale ukingoni, na Bweha alikimbia akaacha mpaka kiatu. Kiboko aliugua mpaka ngozi ikambabuka. Simba alipona, lakini manyoya ya shingo yalipukutika yote, na kutoka kitandani alitoa amri: shimo lifukiwe, sheria irudi, Muhanga apakwe udongo wake.

Akapakwa. Wote wakamfuata kwenye chemchemi ya chini ya kilima, wamebeba vibuyu, maana uzio wa miiba ulikuwa umeng'olewa, wakubwa na wadogo wakanywa pamoja, na chemchemi ya wakubwa haikuwatosha wote.

"Haya, Mzee," wakamwambia. "Shimo limefukiwa. Tuambie ni pasafi."

Muhanga akanusa maji muda mrefu. "Bado," akasema. "Mchanga umekunywa mwingi. Utatoa taratibu."

Mwaka uliofuata wakamwita tena. "Bado." Wanawe wakakua, wakazaa. "Bado." Alizeeka Muhanga, akafa, na maji yale hakuyanywa.

Na Bibi Pimbi? Alimbeba Mwaja, akapanda naye juu kabisa ya majabali, akamlea kwa umande na majani mabichi, na Mwaja akapona. Ndiyo maana mpaka leo pimbi wanakaa miambani na maji hawayataki sana. Na ile sauti ya kulia mnayoisikia kule juu jua likishazama, mkaniuliza ni mnyama gani, ni yeye. Anamwita Kitete.

Nimemaliza, nendeni mkalale, na hili mlibebe: anayekuambia maji ni safi, mwambie aanze kunywa yeye.