Mtembeza Wageni na Pango la Mikono

Kulikuwa na mwanamume mmoja katika nchi ya visiwa, kule kwenye joto, ambako karafuu zikianikwa barabarani hata mbwa anapiga chafya. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni. Na wapendwa, kazi aliijua. Au tuseme mdomo wake uliijua. Kijijini walimwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kitufe chake cha kuzimia.

Asubuhi anakupitisha mashambani, anakusugulia jani puani, anakwambia kisia hiki ni kiungo gani, na ukikosea anacheka kabla yako. Kisha anakupeleka kwenye msikiti wa kale uliobakiza kuta na mihrabu, anakueleza aliyeujenga alikuwa nani na siku hiyo alikula nini. Kisha msituni, kuna kaa wa nazi wakubwa kama sufuria na popo wananing'inia kama miavuli iliyosahauliwa na wenyewe. Halafu mwisho, kama mtu anayebakiza kipande cha nyama pembeni mwa sahani, anakupeleka pangoni.

Naam, pango takatifu. Naona mzee wa kanisa pale mbele ameshakunja uso, anasema moyoni, mchungaji leo anatupeleka kwenye mapango. Tulia, baba. Ni mfano. Tutarudi wote salama, na sadaka tutatoa.

Pango hilo watu walikuwa wakienda kumshukuru Mungu tangu zamani, na desturi yake moja ilikuwa hii: huingii na viatu. Shida ni kwamba msitu ule una kima. Ukiacha viatu mlangoni bila mlinzi, ukitoka unamkuta kima juu ya mti amevivaa, anakutazama kama ofisa wa uhamiaji. Kwa hiyo Redio alibaki mlangoni kulinda viatu, na hotuba yake aliitolea hapo hapo nje.

"Ndani mtaona alama za mikono ukutani," alikuwa akisema. "Ni mikono ya wafalme saba waliotawala visiwa hivi. Walikula kiapo humu wasipigane tena."

Wageni wanaingia, wanapiga picha, wanatoka. Nani ahesabu? Mgeni akiona mikono imezidi saba, anadhani ni yeye asiyejua kuhesabu.

Mnadhani Redio alikuwa mwongo? Hapana. Aliamini kila neno. Maneno yale aliyarithi kwa mjomba wake, aliyekuwa mtembeza wageni kabla yake. Na mjomba naye alikuwa mlangoni, na viatu.

Siku moja akaja bibi mmoja kutoka kisiwa cha mbali, ana fimbo, macho yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Akaisikiliza hotuba mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi. Ingia taratibu, viatu niachie mimi."

"Niingie nione nini, na macho haya? Nimekuja unionee wewe."

"Na viatu?"

"Kima akivitaka avichukue. Vimenibana tangu bandarini."

Redio akacheka, lakini bibi hakucheka.

"Mama yangu alikuwa wa hapa," akasema. "Alinizaa hapa, tukahama ningali mgongoni. Aliniambia mkono wake uko kwenye ukuta wa humu, na wangu mdogo uko ubavuni mwake. Mama alikatika kidole cha kati kwa panga, kwa hiyo utaujua. Alifariki mwaka jana, mwanangu, na hakuacha hata picha moja. Boti yangu inaondoka kesho. Nipeleke niushike mkono ule."

Hapo Redio akaona shida mbili. Kwanza, wafalme wake: mama wa kijijini ameingiaje katikati ya wafalme? Pili, hili la pili hakuwahi kumwambia mtu. Pango lile hakuwahi kuliingia. Akikiri, wenzake wanaokunywa kahawa pale njiani watamcheka mpaka mvua za vuli. Lakini palikuwa na njia rahisi. Bibi haoni. Amshike mkono, auweke kwenye alama yoyote, aseme ndio huu, bibi alie, amshukuru, aende zake na furaha. Nani angejua?

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka, uko kanisani.

Akavua viatu vyake, akamshika bibi mkono, wakaingia. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo mbichi. Akawasha tochi. Na Redio, kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji kile, akakaa kimya.

"Vipi, betri zimekwisha?" bibi akauliza.

"Bibi, mikono ni mingi."

"Wafalme?"

"Si wafalme. Hii ni mikono ya wanawake. Na kila mmoja una kikono pembeni, kama cha mtoto mchanga."

"Ndiyo. Mwanamke akitoka arobaini na mtoto yu hai, alikuja humu kushukuru. Hukuyajua hayo?"

Redio alikuwa ameshapiga magoti anamulika ukuta, na maswali yakaanza kumtoka kama ya mtoto wa chekechea. Huu wekundu ni wa nini, bibi? Udongo, umechanganywa na mafuta ya nazi. Na baba je, hakuja? Baba alibaki nje. Kufanya nini? Bibi akasema hajui, labda kulinda viatu.

Akapata mkono mmoja ambao kidole cha kati hakionekani vizuri. Akausogelea. Kidole kilikuwepo, kimefifia tu. Angeweza kusema ndio. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, pumzi ameizuia.

"Bado, bibi," akasema.

Akaendelea, shati limejaa vumbi, mpaka akaupata, mahali pa chini karibu na ufa. Vidole vinne, na pale pa kidole cha kati kisiki kifupi. Kando yake kiganja kisichozidi jani la mchicha. Akauchukua mkono wa bibi, akaulaza pale.

Bibi akapapasa taratibu, kidole kwa kidole.

"Kumbe nimekupita, mama," akasema. "Ulikuwa na mkono mdogo hivi."

Halafu bibi akageuza uso kwa mwenyeji wake. "Na wa kwako, mwanangu? Si na wewe umezaliwa hapa?"

Alipofika nyumbani, Redio alimkuta mama yake mlangoni anamenya kunde, akaketi chini kando yake. "Mama, mkono wangu upo pangoni?"

"Upo. Umechafuka chafuka, ulikuwa unarusha mateke."

"Mbona siku zote hukuniambia?"

Mama yake akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikwambie mimi? Si wewe ndiye unayewaambia watu?"

Wapendwa, mmesikia alichosema yule mama? Ukishajulikana kuwa mwelezaji, hakuna tena anayekueleza. Sisi tunaoomba kwa sauti kubwa, sisi wa kwaya, sisi walimu wa watoto, sisi tulioshika maikrofoni, nani anatuuliza kama tumewahi kuingia? Kila mtu anadhani tunajua. Na sisi tunaona aibu kuuliza, kwa hiyo tunarudia ya mjomba. Tunawahadithia watu wafalme, kumbe ukutani ni akina mama wanaoshukuru, na katikati yao umo wewe. Kuna aliyemshukuru Mungu kwa ajili yako kabla hujajua kutamka neno hata moja.

Leo usinieleze habari za Mungu. Nazijua sauti zenu, redio nzuri sana hizi. Nyamaza kidogo, halafu muulize yeye mwenyewe: na mimi, Baba, niko wapi humo ndani? Ni swali la kitoto. Liulize hivyo hivyo.

Mama wa Redio alikung'uta maganda ya kunde kwenye kanga, akajifunga vizuri, akamnyooshea mwanawe mkono amwinue. "Haya, twende nikuonyeshe," akasema. "Lakini njiani uwe kimya, nataka kukumbuka."