Ndovu Aliyepanda Kiti Chake

Nikiita, mtaitika?

Tutaitika.

Nikinyamaza, mtasinzia?

Hatusinzii, masikio yako macho.

Basi nipeni masikio yenu, nitayarudisha yamejaa.

Twaa.

Palikuwa na kilima kikiitwa Kwembago. Kilima kizima kilikuwa msitu, msitu mkongwe, wa miti ambayo hata kobe hawakujua ilianza lini. Chini yake ilitoka chemchemi, na maji yake yalikuwa baridi, ukinywa meno yanauma.

Katikati ya msitu ule, kwenye mti wa mvule, alikaa Kindi, mjane mwenye watoto, na kazi yake ilikuwa useremala. Kindi hakuwa na msumeno wala nyundo. Alikuwa na meno. Tawi likiangushwa na upepo, Kindi alilifuata, akalitafuna, kwere kwere kwere, akachonga ulimi huku na tundu kule, akapachika, akagonga kigingi cha mti, ko ko ko. Msumari hakutumia. Kisha akasugua kwa majani ya msasa, swa swa swa, mpaka ukipitisha mkono unateleza. Mwisho akapaka mafuta ya ufuta, akakiacha kitu chake juani kinywe mafuta taratibu.

Viti vya Kindi vilikuwa vya kukalia nje, maana mnyama hana sebule. Kobe alikuwa na kigoda kando ya chemchemi, kifupi, cha kulingana na miguu yake. Pelele alikuwa na benchi juu ya mwamba, la kuotea jua la asubuhi. Kanga na dada zake walikuwa na benchi refu, wakikaa wote jioni kusema watu. Mvua ilinyesha juu ya viti vile, havikuvimba. Jua likawaka, havikupasuka.

Siku moja akapita Ndovu, akamwona Kobe amekaa. Ndovu alikuwa mkubwa wa kilima, na kila alichokiona kwa mwenzake alikitaka kwake, tena alikitaka kikubwa zaidi.

"Fundi," akasema, "nami nataka kiti."

"Tusubiri tawi lianguke, Bwana Mkubwa."

"Mimi sisubiri."

Akaweka paji lake kwenye mti, akasukuma. Kraaa, puu. Mti chini. Kindi akatengeneza kigoda. Ndovu akakaa. Kwacha. Kigoda kikawa kuni.

"Kidogo hiki," Ndovu akasema. "Tengeneza kikubwa."

Kraaa, puu. Mti chini. Kindi akatengeneza kiti cha kuegemea. Ndovu akakaa. Kwacha. Kiti kikawa kuni.

"Kidogo hiki. Tengeneza kikubwa."

Kraaa, puu. Kraaa, puu. Kindi akatengeneza benchi la miti mizima. Ndovu akakaa. Kwacha. Hata kuni nzuri hazikutoka.

"Kidogo hiki," akasema Ndovu, akijikung'uta vibanzi. "Tengeneza kikubwa."

Wanyama wakamfuata Kindi pembeni. "Mbona humkatalii?" wakamwuliza.

"Nikimkatalia, atakaa juu yangu," Kindi akajibu.

Wakacheka, lakini hawakucheka sana.

Mambo yakaenda hivyo, kraaa, puu, kwacha, mpaka kilima kikawa kipara. Jua likashuka mpaka kwenye udongo, mahali ambapo halijapata kufika. Chemchemi ikapungua, ikawa matope, matope yakawa ufa. Kobe akahama, kigoda chake mgongoni. Pelele akahama. Kanga na dada zake wakahama, hawakuwa na wa kumsema tena.

Ukabaki mti mmoja tu, mvule wa Kindi. Kindi hakuweza kuhama, na sababu ilikuwa juu, kwenye tundu la shina. Humo alikuwamo shoga yake, Mama Hondohondo. Mnajua kawaida ya ndege hao. Mama akitaga, anajifungia tunduni, anaziba mlango kwa udongo, anabakiza ufa wa kupitishia mdomo tu, na mumewe ndiye anayemletea chakula. Hatoki mpaka vifaranga wakue. Mti ukianguka, anaanguka nao.

Asubuhi moja mvule ukatikisika. Watoto wa Kindi wakamkimbilia mama yao, wakamshika mkia.

"Shoga," Mama Hondohondo akaita kupitia ufa wake, "nini hicho?"

"Mgeni," Kindi akasema. "Wewe atamia."

Akateremka shinani. Akasimama mbele ya jicho la Ndovu, nalo jicho peke yake lilikuwa kubwa kama kichwa cha Kindi.

"Bwana Mkubwa, umekuja kwa ajili ya kiti."

"Nimekuja. Mti huu ndio mkubwa kuliko yote. Kiti cha mti huu hakitavunjika."

"Kitavunjika," Kindi akasema.

Ndovu akaondoa paji lake kwenye shina. "Unasemaje?"

"Nimekutengenezea viti vingi, na vyote vimevunjika. Mimi ndiye fundi, aibu ni yangu. Nimekaa nikafikiri sana. Kosa si udogo wa viti, Bwana Mkubwa. Kosa ni kwamba mbao hazikujui."

"Hazinijui mimi?"

"Hazikujui. Mti umeota peke yake, hujaulisha wala hujaunywesha, halafu siku moja unakuja kuukalia. Lazima ushtuke. Ukishtuka, kwacha. Lakini mti uliotoka tumboni mwako mwenyewe utashtukia nini? Huyo ni mwanao."

Ndovu akafikiri. Ndovu akifikiri, masikio husimama. Yalisimama muda mrefu.

"Mti utatokaje tumboni mwangu?"

Hapo Kindi akaanza kupata pumzi. "Ng'ambo ya mto uko msitu wa zamani ambao haujaguswa. Kiti chako kinataka miguu ya mkwaju, mgongo wa mfuru, mikono ya mng'ongo. Magogo huwezi kuyavusha, mto ule una mawe na maporomoko, utayapoteza yote. Lakini matunda unaweza kuyavusha. Nenda ukale. Kisha vuka, panda hapa kilimani, utue mzigo."

"Nitue vipi?"

Kindi akatazama pembeni. "Kama unavyotua kila siku, Bwana Mkubwa. Kwa nyuma."

"Na nile kiasi gani?"

"Usijinyime."

Neno hilo Ndovu alilipenda. Lakini bado akautazama mvule. "Na huu?"

"Huu ndio kikalio. Uache usimame. Mbao zikikatwa mapema hupinda, ukaja kukalia kitu kama mashua."

Ndovu hakutaka kukalia mashua. Akageuka, akaenda zake. Kindi akapanda mtini, akalala chali kwenye tawi, na watoto wake wakamletea maji ya umande kwenye jani.

Ndovu akavuka mto, chubwi chubwi chubwi. Akala kwaju, akala furu, akala ng'ongo, tafu tafu tafu. Akarudi, chubwi chubwi chubwi. Akapanda Kwembago, akatua mzigo. Pu. Pu. Pu. Na kesho yake tena, chubwi chubwi, tafu tafu, pu pu pu. Kila alikotua, Kindi alipita nyuma yake, pua ameiziba kwa mkia, akichimba, akifukia mbegu, akizitandazia samadi. Ndovu aliona heshima kubwa, kuwa na fundi anayefuata hatua zake namna ile.

Mvua za masika zikanyesha. Kilima kikatoa vijani. Ndovu akaja.

"Fundi, kiti tayari?"

Kindi akapima mche kwa mkia wake. "Miguu imeota, Bwana Mkubwa, lakini bado ni kama vidole."

Ndovu akaenda kula. Masika mengine yakaja, naye akaja.

"Fundi, kiti tayari?"

"Miguu imekuwa fimbo. Mgongo umenyooka. Mikono bado."

Basi ikawa hivyo mwaka hata mwaka, na jambo ambalo Kindi hakulitazamia likatokea. Ndovu akaanza kuvionea uchungu vitu vyake. Nyati akaja na ukoo wake kutafuna miche, Ndovu akatoka mbio, ardhi ikitetemeka.

"Unakula mguu wa kiti changu," akasema.

"Mbona mimi naona jani," Nyati akasema.

"Hilo ni mguu. Na yule mwenzako amekanyaga mgongo wangu. Ondokeni."

Nyati akaondoka, akiamini kwamba Ndovu ameugua jua. Lakini hakurudi. Ukame ulipokuja, Ndovu alikwenda mtoni, akajaza mkonga, akapanda kilima, fwaaa, akanywesha mikwaju. Akashuka, akajaza, akapanda, fwaaa, akanywesha mifuru. Akiona mche umelala, aliuinua kwa ncha ya mkonga, akausimamia hadi ulipojishikilia wenyewe. Huyo ndiye aliyesema hasubiri.

Mama Hondohondo alikuwa ameshavunja udongo wake siku nyingi, vifaranga wameruka, nao wametaga. Majani yalianza kuanguka na kulala ardhini, yakaoza, yakashika maji. Siku moja ufa wa chemchemi ukalowa. Siku nyingine Kobe akaonekana anapanda kilima, kigoda mgongoni, hana haraka. Wengine wakamfuata, na kanga wakapata tena wa kuwasema.

Kisha asubuhi moja mkwaju mkubwa ukatikisika. Kindi akachungulia. Ndovu alikuwa amesimama, paji lake limegusa shina.

"Leo miguu imeiva," Ndovu akasema. "Mgongo umeiva, mikono imeiva. Nimesubiri, nimelisha, nimenywesha. Naangusha, nawe utengeneze."

Kindi akateremka mbio mpaka shinani. Hila aliyokuwa nayo ilikwisha, imemalizwa na miti yenyewe kwa kukua. Alitaka kupata muda tu, hata kidogo.

"Fundi hakati kabla ya kupima," akasema. "Kaa chini kwanza nikupime. Hapo, kati ya hiyo miti."

Ndovu akageuka, akarudi kinyumenyume, akajishusha. Majani ya mvule yaliyooza yalikuwa mazito kama godoro. Mgongo wake ukaufikia mfuru, ukaegemea. Mguu wake wa mbele ukalala juu ya mzizi wa mng'ongo. Akafumba macho, akakunja uso, akangoja kusikia kwacha, kama alivyoisikia kila alipokaa maishani mwake.

Kwacha haikuja.

Akangoja tena. Upepo ukapita majanini. Furu moja ikaanguka, ikamgonga kichwani, ikabingirika mpaka kwenye mkonga. Akaila. Akafumbua jicho moja.

"Fundi. Mbona hakijavunjika?"

Kindi, aliyekuwa amesimama na jani la kupimia mkononi, akamtazama Ndovu alivyokaa, akaitazama miti ilivyomzunguka, na mabega yake yakashuka.

"Kwa sababu kinakujua," akasema. "Mgongo unakukwaruza?"

"Hapana. Umenikaa vizuri."

"Mkono uko juu mno?"

"Uko sawasawa."

"Basi kazi imekwisha, Bwana Mkubwa. Nikikata hapa, nitakuwa nakiharibu. Ila ukiniamuru, nitakata."

"Asikiguse mtu," Ndovu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Sijawahi kukaa, fundi. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa." Na kabla hajaendelea usingizi ukamchukua, khoroo, khoroo, mpaka kanga wakahamisha benchi lao.

Mama Hondohondo akatua kando ya Kindi.

"Shoga," akamwuliza, "ile habari ya mbao kumjua mtu uliitoa wapi?"

"Niliitunga palepale, huku natetemeka."

"Haikuwa kweli?"

"Siku ile haikuwa kweli."

Wakamtazama yule mkubwa aliyelala, majani yakimdondokea tumboni. Upande wa chemchemi kulisikika tawi likianguka kwa upepo. Kindi akashuka kulifuata. Baada ya muda ikasikika kazi yake, kwere kwere kwere, ko ko ko, swa swa swa.

Sasa, ninyi mnaosikiliza, kila hadithi ina funzo, na la hii ni zito. Msidanganye wakubwa. Mmeona wenyewe balaa lililompata Kindi. Alimdanganya mkubwa wake mchana kweupe, na akapata nini? Msitu, maji, kivuli, kazi isiyokwisha, majirani waliorudi, na mlinzi wa uzito ule asiyedai mshahara. Hayo tu, masikini. Kwa hiyo mkubwa akija kuuegemea mti wenye watoto wako, usimsumbue kwa maneno. Shika upande wa pili umsaidie kusukuma. Na anayecheka hapo nyuma atanieleza amecheka nini.

Hadithi yangu imejinyoosha viungo, imeaga, imeteremka kilima.

Iende polepole, isiteleze.

Masikio yenu haya, shikeni.

Tumeyapokea, mazito.