Mlinzi Hatumwi Sokoni

Mlinzi hatumwi sokoni. Mmeisikia leo kwa mama aliyekuwa akimnyima jirani yake kitu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza ni mlinzi gani huyo na alitakiwa kununua nini. Kaeni niwaambie. Methali hii ilizaliwa katika zahanati ndogo ya Tukuyu, na mlinzi mwenyewe hakuwa mtu.

Zahanati hiyo ilikuwa ya Daktari Atuganile. Mafaili ya wagonjwa wake wote yalikuwa kwenye kompyuta moja, ile ya mapokezi. Ubaya ni kwamba kompyuta hiyo ilikuwa pia ya mtaa mzima. Msimu wa harusi ukifika, wanakamati walikuja na flashi zao kuchapisha kadi za michango, na vijana nao wakaja kuchukua nyimbo. Daktari aliona haya kukataa. Jirani ni jirani, na harusi ni leo kwake, kesho kwako.

Siku moja Bibi Sekela akaingia amembeba mjukuu wake, Lusajo, anawaka homa na anapumua kwa shida. Mama wa mtoto alikuwa safarini. Bibi alikumbuka jambo moja tu: ipo dawa iliyowahi kumvimbisha mtoto hadi koo likakaribia kuziba. Dawa gani, hakujua, ila daktari aliiandika. Na kweli aliiandika, lakini kompyuta ilikuwa imeganda, imepata virusi kutoka kwenye flashi ya kadi za harusi.

Atuganile akasimama na sindano mkononi, hofu imemjaa. Dawa iliyokuwa kwenye sindano ingeweza kumponya mtoto, na ingeweza kumuua. Akaiweka chini, akampa mtoto oksijeni, akapiga simu, akapiga tena, mpaka mama akapatikana na kuitaja dawa iliyomvimbisha mtoto. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya kwenye sindano. Lusajo akatibiwa kwa nyingine, akapona. Daktari akaapa kwamba jambo lile halitatokea tena maadamu yu hai.

Akaenda Mbeya kwa muuza kompyuta. Yule bwana akamwonyesha mashine yenye kioo kipana, eti wagonjwa waangalie mpira wakisubiri. Akakataa. Akamwonyesha nyingine ya kuchapia, kuchezea na kutunzia kwa pamoja. Hiyo pia akaikataa. Alitaka seva, kompyuta ya kutunza mafaili na kuyapeleka chumba cha daktari yanapohitajika, basi. Yenye diski mbili, moja ikifa nyingine iendelee, na betri ya kuishikilia umeme ukikatika. Muuzaji akamwonya kwamba zahanati ndogo haihitaji mashine ya kukaa bure. Atuganile akajibu kwamba kukaa pale ndiyo kazi yake.

Fundi akayaokoa mafaili na kuyahamishia kwenye seva, nayo ikafungiwa chumbani. Ile kompyuta ya zamani, ilipokwisha kusafishwa virusi, daktari akaiweka barazani, iwe ya kadi na nyimbo tu. Hata hivyo mtaa ulinuna, watu wakasema ameota mapembe.

Kisha akaja Bibi Sekela mwenyewe. Binti yake mdogo anaolewa, flashi anayo mkononi, na foleni ya barazani ni ndefu. Akaomba ile ya chumbani, kwani haina kazi, imekaa tu.

Atuganile alimheshimu bibi huyu kama mama yake mzazi, na moyo ulimuuma. Lakini hakurudi nyuma.

"Bibi, ukimwona mlinzi amekaa tu langoni, utamtuma sokoni?"

"Nikimtuma, lango nitamwachia nani?"

"Basi ile ni mlinzi, bibi. Mlinzi hatumwi sokoni."

Bibi Sekela akautazama mlango wa chumba kile. Kisha akauliza polepole, "Na ile dawa ya Lusajo, imeandikwa humo?"

"Imo, bibi."

Akaifunga flashi kwenye pindo la kanga yake. "Basi angalia mlango huo usiachwe wazi," akasema, akatoka kwenda kupanga foleni barazani. Na kijana mmoja aliyekuwa mbele yake aliponung'unika kwamba daktari ana roho mbaya, bibi ndiye aliyemgeukia na kumjibu, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: mlinzi hatumwi sokoni.