Blanketi Lililopanda Madhabahuni

Kaeni, wapendwa. Na huyo jogoo aliyefungwa kwenye mguu wa meza ya sadaka, mmoja wenu amkaze kamba, maana leo nataka nisikike mimi.

Nimeyatazama mavuno mliyoleta. Mahindi, viazi, maharage, asali, kitenge kipya bado kiko kwenye mkunjo wake wa dukani. Madhabahu imejaa mpaka sina pa kuweka miwani. Mchungaji mwingine angeanza kwa kuwasifu. Mimi, kabla sijamsifu mtu yeyote, nina mfano, na mfano wenyewe umenikwama kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki. Nisipoutema nitaugua.

Kulikuwa na mama mmoja katika nchi ya baridi kama hii yetu. Jina lake silitaji, maana nawajua. Nikilitaja mtaacha kusikiliza, mtaanza kutafuta ukoo wake. Mama huyu alikuwa na mume, watoto watano, ng'ombe wawili wa maziwa, na shamba la viazi lililopanda mlimani mpaka magoti yanalia. Alikuwa pia na mama yake mzazi, bibi mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya bonde, katika nyumba ambayo upepo huingia bila kupiga hodi.

Baridi ya Juni na Julai mnaijua. Umande unaganda juu ya majani ya viazi, na asubuhi unayakuta yameungua utadhani yamemwagiwa maji ya moto. Sasa baridi inayounguza jani la kiazi inafanya nini kwenye magoti ya kikongwe? Bibi yule alikuwa akilala na kanga mbili na gunia. Wala hakulalamika. Wazee wetu hawalalamiki, wanasema tu, "Siku hizi usiku umekuwa mrefu."

Binti yake alilisikia neno hilo akalielewa. Akaamua kumshonea mama yake blanketi kabla baridi nyingine haijafika.

Kwa nini hakununua? Kwa sababu maziwa alikamua yeye, lakini hela ya maziwa ilishikwa na mwingine. Wanaojua wamenielewa. Basi akaenda kwa fundi cherehani sokoni, akaomba vile vipande anavyovifagia chini ya mashine. Fundi akamwambia achukue tu, yeye huwa anawashia moto. Kipande kingine upana wa kiganja, kingine chembamba hakifungi hata kidonda. Nyumbani akaongeza sketi ya shule iliyokuwa imembana binti yake, shati lililokwisha kola, na suruali ya mume iliyochanika mahali ambapo sitapataja madhabahuni. Ndani, katikati ya kitambaa cha juu na cha chini, akalaza blanketi kuukuu lililobaki nyuzi nyuzi, ili joto lipate mahali pa kukaa.

Alishona saa ngapi? Hapa ndipo nataka mnisikilize, akina baba. Alishona maharage yakichemka. Alishona akiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa, ndoo iko katikati ya miguu yake. Alishona huku ananyonyesha wa mwisho, mwingine anamuuliza saba mara nane ni ngapi, na mwingine analia kwamba sweta lake halionekani na liko mwilini mwake. Sindano aliichomeka kwenye kanga kifuani tangu asubuhi. Akipata upenyo anaichomoa, anapiga mishono michache, anaichomeka tena, anakwenda kusonga ugali. Watoto walimtungia uzi, maana macho yao bado mapya. Na kipande kwa kipande, bila siku hata moja ya kukaa na kushona tu, blanketi likawa linakua.

Mume wake akivikuta vile vipande sakafuni alikuwa na swali moja tu, kwamba mkewe ataacha lini kuchezea matambara. Siku moja ugali ulipochelewa kidogo, alivisukuma vyote kwa mguu mpaka uvunguni mwa kitanda. Nimesahau kuwaambia, mume huyo alikuwa mzee wa kanisa. Tena mzee mwenye sauti nzuri ya kusoma matangazo.

Yule bibi ng'ambo ya bonde akapata habari kwamba anashonewa blanketi. Akafungua sanduku lake, akatoa koti la marehemu mumewe, la kahawia, koti la kuendea kanisani, alilokuwa amelitunza tangu mazishi. Akampa binti yake na kumwagiza alikate, na kipande kikubwa kikae katikati kabisa, pale ambapo kifua chake kitakuwa. "Mvua ikitukuta njiani alikuwa ananifunika nalo," alisema. "Mwache anifunike tena."

Mama wa watu akalikata lile koti machozi yakimtoka, akaliweka katikati kama alivyoagizwa.

Blanketi likaisha mwezi wa tano, baridi ikiwa mlangoni. Na lilikuwa zuri, wapendwa. Vile vitambaa vya kuwashia moto, kila kimoja kilikuwa kimempata jirani yake. Watoto walipanda juu yake wote kwa pamoja, huyu anatafuta sketi yake, yule anatafuta shati lake. Mama akalifua, akalianika, akalikunja, akaliweka juu ya kabati. Jumatatu, akitoka shambani, angelivusha bonde.

Lakini Jumapili ilikuja kwanza, na Jumapili hiyo anakuja askofu.

Askofu akija mnajua mambo yanavyokuwa. Kila mzee wa kanisa aliambiwa alete zawadi inayolingana na heshima ya nyumba yake, itangazwe mbele ya watu. Mmoja akajiandalia asali. Mwingine kondoo. Huyu wetu naye alikuwa na kondoo dume, mnono, aliyekuwa akimlambisha chumvi kwenye kiganja chake mwenyewe. Asubuhi ile alikwenda zizini, akasimama akamtazama kondoo wake kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani, akatazama juu ya kabati.

Yupo asiyejua alichochukua?

Mke alikuwa bado anakamua. Alipofika kanisani amechelewa, mtoto mgongoni, kwaya ilikuwa imepamba moto na watu wanapeleka zawadi mbele huku wakicheza. Akaliona blanketi lake. Lilikuwa juu ya kichwa cha mumewe, naye anacheza nalo vizuri kabisa. Mtangazaji akasema hiyo ni kazi ya mikono kutoka nyumbani kwa mzee wetu mpendwa, na vigelegele vikapaa. Mmesikia? Uvunguni yaliitwa matambara. Yalipofika madhabahuni yakawa kazi ya mikono ya nyumba ya mzee.

Askofu alishukuru na kumbariki mtoaji. Simlaumu sana, kwa kuwa hakujua. Lakini pia hakuuliza. Sisi tunaovaa kola hatuna desturi ya kuuliza. Tukipewa tunabariki, tukibariki tunapakia. Blanketi lile lilipakiwa kwenye gari, likatandikwa chini ya magunia ya viazi ili kiti kisichafuke.

Nyumbani, mama yule alimwandalia mumewe chakula, akangoja anawe mikono. Kisha akasema, "Baba watoto, lile blanketi lilikuwa la mama."

Mume hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani. "Kati ya mama yako na Mungu," akamuuliza, "nani mkubwa?"

Haya, ninyi mngejibu nini? Mimi nimesomea haya mambo, nimeketi mbele ya walimu wakali, na sijapata kutegewa swali kama hilo. Ukijibu kwamba Mungu ndiye mkubwa, mama yako amelala na gunia. Ukijibu mama, umekufuru, kesho unaitwa mbele ya baraza la wazee, na mmoja wa walioketi kukuhukumu ni yule aliyekuuliza. Mama akajaribu njia nyingine. Akaomba aruhusiwe kwenda kulirudisha, naye atamshonea askofu jingine. Mume akamwambia kwamba hata mtoto wa kipaimara anajua, kilichopanda madhabahuni hakishuki. Basi mkewe akaondoa sahani.

Jumatatu alivuka bonde mikono mitupu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kumwambia mama yake, akiyapanga yanabomoka. Alimkuta kikongwe amejikunyata karibu na moto, na kumbe maneno yote yale hayakuhitajika.

"Nilikuwepo kanisani," bibi alisema. "Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Nililiona koti likipita."

"Mama, mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini, mwanangu? Nilipiga makofi. Wote walikuwa wanapiga." Akasogeza kuni motoni. Kisha akauliza, wala si kwa kejeli, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Hivi Mungu naye husikia baridi?"

Mfano wangu umeishia hapo.

Naona mnaningoja. Mnataka niendelee, bibi afe mwezi wa saba, mkwe wake aanguke juu ya jeneza akitubu, sisi tujipanguse machozi twende zetu tukale pilau. Hapana. Mnataka afe ndipo mwone uchungu? Hakufa. Yu hai. Analala na kanga mbili na gunia, na usiku umekuwa mrefu. Na kondoo dume yuko zizini, anazidi kunona.

Nimekasirika, wapendwa, na sitaomba radhi kwa hilo. Mwizi wa kuku mnamfukuza mpaka mtoni, na mawe mkononi. Huyu alikuja na cha mtu kichwani, mchana kweupe, anacheza, nasi tukampisha njia na kumpigia vigelegele. Tena tukamfanya hata aliyeibiwa apige makofi.

Na huyu si mtu wa mbali. Ni sisi. Sisi ni wepesi sana wa kutoa kile kilichomtoka mwingine jasho. Mwanamume anasimama hapa mbele, anasema wageni wote wa semina watakula nyumbani kwake. Tunamshangilia. Mkewe yuko pale kwenye benchi, ndiyo kwanza anasikia, na ameshaanza kuhesabu sufuria kichwani. Ulimuuliza? Akina mama, msicheke, nanyi nawajia. Mgeni anapofika unampa kitanda cha dada wa kazi, dada analala jikoni kwenye mkeka, na sifa ya ukarimu unaichukua wewe. Vijana mnaahidi kwa Bwana ada ambayo baba yenu aliuza ndama kuipata. Halafu mtu akitaka kutuuliza, tunamsimamisha Mungu getini kama askari, amzuie asiingie.

Mungu gani huyo tunayemtuma kazi chafu?

Yule bibi aliuliza swali. Mimi nitamjibu. Ndiyo, bibi, husikia. Siku ile alikuwa anaisikia baridi hiyo pale nyuma, karibu na mlango, penye upepo, anatutazama tunavyocheza. Mbele tulikokuwa tunamtafuta hakuwepo.

Sasa turudi kwenye meza hii. Mmefundishana kwamba kilichopanda madhabahuni hakishuki. Nani aliwaambia? Mchungaji wa usharika huu ni mimi, na mimi nasema leo kitashuka. Kama kwenye rundo hili kuna mahindi ambayo mkeo aliyatenga yawe mbegu, nawe ukayabeba bila kumwambia, njoo uyachukue. Kama kuna kitenge ambacho mama mkwe wako alikuwa anakingojea, njoo. Kama huyo jogoo ni wa mtoto wako, aliyemlea tangu kifaranga na asubuhi hii ameachwa nyumbani analia, njoo umfungue. Mpelekee mwenyewe leo, kabla hujala. Na ukimkuta usimhubirie. Mpe.

Kwaya, kaeni, msituimbie. Mnaimba vizuri mno, mtatuficha. Wala msiniitikie amina, za leo zimenitosha.

Mimi nitageuka niutazame ukuta huu, nisimwone anayeinuka wala anachokibeba. Sitabariki kitu chochote kilicho hapa mpaka nisikie miguu ya watu, hata ikifika saa tisa, hata meza ikibaki tupu.

Nageuka.