Madoa Matatu na Doti Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya fisi na sungura bali ya juzi tu, mashine za kufuta miaka usoni zilipokwisha kufika mjini, alikuwako Muheza mama mmoja mkaanga mihogo, jina lake Bi Mwanahija. Alikaanga miaka thelathini. Ukitumbukiza muhogo wenye maji karaini, mafuta yanaruka, nayo hayamtazami mtu uso. Bi Mwanahija yalimrukia mara tatu shavu la kushoto, yakamwachia madoa matatu meusi yaliyokaa kama mafiga.

Mumewe, Mzee Semboja, alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi kabla ya chai aliyagusa madoa yale kwa kidole gumba, moja, mbili, tatu, kisha akauliza, "Mafuta ya jana yamekuachia?" Mkewe hujibu, "Yameniachia." Hapo ndipo chai hunywewa.

Uzee ukamwingia Mzee Semboja kichwani. Alisahau majina ya wajukuu, akasahau njia ya msikitini, akasahau kama amekula. Ya jana hakuyajua, ya ujanani alikuwa nayo yote. Aliweza kukutajia rangi ya baiskeli aliyoendea kuposa, lakini kofia aliitafuta nyumba nzima, nayo iko kichwani.

Bi Mwanahija akaingiwa na hofu. Akawaza, na mimi simlaumu, maana hesabu yake ilikaa sawa: huyu anakumbuka ya zamani tu. Uso wenye madoa ni wa juzi, iko siku ataamka asiujue. Afadhali niurudie uso alionioa nao, huo hatausahau.

Akamweleza binti yake Zulfa, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye akamtafutia daktari wa ngozi mwenye mashine ya leza. Siku ya safari, wifi yake Bi Mwantumu, dada yake Mzee na mkaanga mihogo mwenzake, alimsindikiza kwa maneno machache: "Wifi, usiache mbachao kwa msala upitao." Bi Mwanahija akaona wivu wa wifi ni ule ule. Mzee yeye alikwisha nunua doti ya kanga, ampe mkewe siku ya kurudi. Jina la kanga lilikuwa "Nimekungoja wala sijachoka". Akaketi nayo barazani, iko magotini, haijakatwa.

Kule mjini Bi Mwanahija alilazwa kitandani, akavikwa miwani myeusi, mwanga ukamdonoa shavuni, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Hakulia. Mtu aliyezoeana na karai hatishwi na taa. Daktari akasema arudi mara nne, kila baada ya mwezi, na katikati asipigwe jua wala asisogelee mafuta. Basi akakaa kwa binti yake miezi minne, Mzee akiwa mikononi mwa Bi Mwantumu.

Akarudi pamoja na Zulfa. Uso umetakata, majirani wakamwita bibi harusi. Mzee Semboja akanyoosha gumba. Likateleza. Akagusa tena, likateleza tena. Akauvuta mkono haraka.

"Nisamehe, binti. Nimekudhania mke wangu. Amekwenda Dar es Salaam kutengeneza uso, yuko njiani."

"Baba Zulfa, ni mimi."

"Hata sauti mmefanana. Ninyi ukoo mmoja?"

Akamtajia baiskeli ya kijani. Akamtajia mvua iliyonyesha siku ya ndoa, na mjomba aliyeanguka na sinia la pilau. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, akasema mke wake amemsimulia vizuri sana. Bi Mwanahija aliumia siku ile kuliko mara zote tatu za mafuta. Tena hakuruhusiwa kuingia chumbani, maana Mzee alisema si heshima mwanamke mgeni kulala chumba cha mume wa mtu. Akalala ukumbini, akilindiwa haki yake mwenyewe.

Zulfa akaona dawa ni ndogo. Akamchora mamaye madoa matatu kwa wanja. Mzee akagusa, moja, mbili, tatu, kisha akalitazama gumba lake lilivyokuwa jeusi.

"Binti," akasema taratibu, "si vizuri kuvaa uso wa mtu ambaye hayupo."

Tangu hapo akakataa chakula cha nyumba ile, eti mkewe akifika atampikia. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu Bi Mwantumu akaja na bakuli la uji. Naye alikuwa na madoa yake, shavu lile lile, kwa karai lile lile. Mzee akagusa, moja, mbili, tatu, akauliza, "Mafuta ya jana yamekuachia?"

Bi Mwantumu akalitazama bakuli, akamtazama kaka yake alivyokonda, akajibu, "Yameniachia." Mzee akala.

Ikawa ndiyo kawaida. Njaa ikimshika, Bi Mwantumu ni mke. Akishashiba, ni dada.

Bi Mwanahija naye akabaki mgeni. Alimwosha miguu, akamtafutia kofia, akaketi naye barazani mchana kutwa. Mzee alimsimulia habari za mkewe, na alikuwa na mazuri mengi ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa. Kuna siku Bi Mwanahija alijikuta anamwonea kijicho mwanamke huyo.

Ijumaa moja, baada ya chakula, Mzee aliiweka doti mkekani mbele ya wanawake wote watatu, akaweka na mkasi. Akasema moyo haujachoka kungoja, lakini mwili umechoka, basi doti ipate mwenyewe leo.

Bi Mwantumu akasema, "Nipe mimi, kaka. Ulipokataa chakula, nilikulisha. Alama unayoitafuta ninayo, na swali lako nimelijibu kila asubuhi."

Zulfa akasema, "Mpe mama, baba. Alama alikuwa nayo, akaifuta kwa ajili yako. Ndoa haifutwi na mashine."

Mzee akaitikia kwa adabu kwamba mama akija atampa. Kisha akamgeukia Bi Mwanahija.

"Wewe binti huna upande, basi amua. Anayenilisha nimpe? Anayekuja nimwekee? Au uichukue wewe? Maana nisikufiche, nimekuzoea, na lau si mke wangu ningekuposa."

Bi Mwanahija akaichukua ile doti, akaishika. Akisema apewe Mwantumu, atakuwa amemkabidhi wifi uso wake na mume juu. Akisema awekewe mke, mzee atamngoja mpaka kaburini mtu aliyeketi mbele yake. Akisema nipe mimi, atampata mumewe tena, na papo hapo mumewe atakuwa amemwacha mkewe aliyemngoja kwa uaminifu wote ule.

Mkasi uko mkekani, mzee anasubiri, na mimi pumzi zangu zimeishia hapa. Semeni ninyi mliokula muhogo wa watu mkanyamaza: doti ile, je, nani alistahili?